Ute wa kabla ya kumwaga na mimba: kuchomoa, kondomu, kalenda au P2?

Aliyekaa madrasa pwani huyajua majina matatu kabla hajafika kliniki: manii, madhii na wadii. Manii ndiyo shahawa. Hutoka kwa mruko na humwajibisha mtu josho. Madhii ni ule ute mwembamba usio na rangi, unaonata kidogo vidoleni, unaochuruzika kwenye ncha ya uume hamu inapopanda. Huo hutengua udhu tu. Wadii hufuatana na mkojo. Mgawanyo huo unafaa sana hapa. Swali la "je, nitashika mimba kwa ule ute?" ni swali la madhii, ilhali mimba nyingi zinazosingiziwa madhii zimetokana na manii yaliyochelewa kuzuiwa.

Basi tuviweke vitu hivi viwili kando kwa kando kwanza, kisha tulinganishe njia ambazo watu huzitegemea: kuchomoa na kumwaga nje, kondomu, kuhesabu siku, na P2, yaani kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, cha kesho yake asubuhi.

Ute na shahawa

Ute hutoka kwenye tezi mbili ndogo zilizo chini ya tezi dume, kila moja na ukubwa wa njegere, zinazoitwa tezi za Cowper. Husaidiwa na vitezi vingine vilivyojipanga kwenye ukuta wa mrija wa mkojo. Kazi yake ni kulainisha njia na kupunguza asidi ya mkojo iliyobaki ndani ya mrija, ili mbegu zitakazofuata zipite zikiwa hai. Wengi hutoa tone moja au mawili. Wachache hufika mililita 4, ambayo si mbali na kijiko kimoja cha chai. Unatoka wenyewe. Hakuna wa kuubana, na mara nyingi mwenye nao hajui kama umetoka mpaka aone doa kwenye nguo. Kwa hiyo mwanamume anayeapa kuwa "sijatoa kitu" anaweza kuwa mkweli kuhusu shahawa, na papo hapo akawa hajui lolote kuhusu ute.

Tezi za Cowper hazitengenezi mbegu. Mbegu hutoka kwenye korodani, hupanda kwa mirija yake, na hukutana na maji ya vifuko vya shahawa na ya tezi dume wakati wa kumwaga. Shahawa ya mara moja kwa kawaida huwa kati ya mililita 1.5 na 5. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mwanamume huhesabiwa kuwa katika kiwango cha kawaida mbegu zake zikifika angalau milioni 39 kwa mara moja, na wengi wana mamia ya milioni. Tena hazigawanyiki sawasawa: mruko wa kwanza ndio unaobeba mbegu nyingi zaidi, na inayofuata huzidi kuwa maji. Anayechelewa kuchomoa kwa sekunde moja, basi, ameacha ndani ile sehemu nzito kuliko zote.

Sasa, je, ute unaweza kubeba mbegu? Majibu ya hadubini hayafanani, na sababu mojawapo ni uchache wa waliopimwa. Nchini Israeli, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima wanaume 12 na haukukuta mbegu kwa yeyote. Uingereza, mwaka 2011, wanaume 27 walitoa sampuli 40. 11 kati yao walikuwa na mbegu ndani ya ute, na kwa 10 kati ya hao sehemu ya mbegu zilikuwa hai, zinaogelea. Thailand, mwaka 2016, wanaume 42 walipimwa na 7 wakakutwa na mbegu zinazotembea.

Utafiti wa Uingereza una mambo mawili yanayostahili kutazamwa zaidi. La kwanza, ilionekana wapo wanaume ambao kila wakitoa ute unakuja na mbegu, na wapo ambao kila mara haumo kitu. Si bahati ya siku, ni maumbile ya mtu. Na kwa macho huwezi kumtambua nani ni nani: ute wenye mbegu na usio na mbegu unafanana rangi, uzito na harufu. Mwanamume aliyechomoa miaka mitatu bila mimba huenda ni wa kundi la pili, lakini hiyo haimsaidii rafiki yake anayemwiga.

La pili linagusa ushauri uliozoeleka sana, kwamba ukikojoa kabla, ute unakuwa salama. Ushauri huo una mantiki yake. Baada ya kumwaga, mbegu hubaki kwenye mrija, na ute wa raundi inayofuata huweza kuzibeba. Mkojo huzisukuma nje. Ila wale wanaume wa Uingereza walikuwa wameshakojoa zaidi ya mara moja tangu walipomwaga mara ya mwisho, na mbegu zilionekana vilevile. Maana yake, kwa baadhi ya watu mbegu huvuja wakati uleule wa msisimko. Kojoa, ni tabia njema, lakini usiihesabu kuwa kinga.

Idadi nayo ina uzito wake. Hata kwa waliokutwa nazo, hakuna sampuli ya Uingereza iliyozidi mbegu milioni 23, na nyingi zilikuwa chini ya hapo kwa mbali. Mimba inaweza kutungwa kwa mbegu chache kuliko kiwango cha kawaida, kwa sababu yai linahitaji moja tu. Lakini kati ya ukeni na yai kuna safari inayoua karibu zote, na jeshi dogo lina nafasi ndogo. Kwa hiyo jibu la swali la mwanzo ni hili: inawezekana, si kawaida.

Nambari zinasemaje

Kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kupima ute peke yake ndani ya ndoa za watu, kipimo kizuri tulicho nacho ni njia ya kuchomoa yenyewe. Nambari zifuatazo zimetoka Marekani na hutumiwa sana katika mafunzo ya uzazi wa mpango. Zinaonyesha ni wanawake wangapi kati ya 100 hushika mimba ndani ya mwaka wa kwanza wa kutumia njia fulani.

| Njia | Bila kukosea hata mara moja | Kama watu wanavyoitumia |
|---|---|---|
| Hakuna kinga yoyote | 85 | 85 |
| Kuchomoa | 4 | 20 |
| Kuhesabu siku kwa shanga | 5 | 12 |
| Kondomu ya kiume | 2 | 13 |
| Vidonge vya kila siku | 0.3 | 7 |
| Sindano | 0.2 | 4 |
| Kitanzi cha shaba | 0.6 | 0.8 |
| Vijiti | 0.1 | 0.1 |

Tazama mstari wa kuchomoa. Wanaochomoa kila mara, kwa wakati, na kumwaga mbali, bado 4 kati ya 100 hushika mimba. Hapo ndipo ute unapoishi. Hata tukiubebesha lawama yote ya hao 4, wapo wengine 16 wanaotokana na kuchelewa, kusahau, na kusema "leo tu". Kwa ukubwa, adui si ute. Adui ni saa.

Ukipenda kuiona kwa tendo moja moja, fanya hesabu ya mkono. Wenza 100 wanaokutana mara mbili kwa wiki hufanya takribani matendo 10,000 kwa mwaka. Mimba 4 katika hayo ni kama moja kwa kila matendo 2,500. Mimba 20 ni kama moja kwa kila matendo 500. Hii ni wastani, tena wa juujuu, na wastani unaficha jambo kubwa: mwezi una siku ambazo hatari ni karibu sifuri, na una siku sita ambazo hatari yote imerundikana.

Siku sita

Yai likishatoka huishi kati ya saa 12 na 24. Mbegu ndani ya mwili wa mwanamke huweza kuishi hadi siku 5. Ukijumlisha, siku za hatari ni zile 5 kabla ya yai kutoka na siku yenyewe. Utafiti mashuhuri wa mwaka 1995 uliofuatilia wanawake waliokuwa wakitafuta mtoto ulikuta kwamba tendo lisilo na kinga lililofanyika siku 5 kabla ya yai kutoka lina nafasi ya mimba kama 1 kwa 10, na siku yai linapotoka nafasi hupanda hadi kama 1 kwa 3. Hiyo ni kwa shahawa kamili. Kwa ute, nafasi hupungua sana kutoka hapo, lakini mpangilio wa siku haubadiliki: ute wa siku ya pili ya hedhi na ute wa siku ya 13 ya mzunguko wa siku 28 havina uzito mmoja.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuhesabu "siku 14 tangu hedhi ianze" kwa kila mwanamke. Siku 14 huhesabiwa kurudi nyuma kutoka hedhi *inayofuata*. Mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake hutoka karibu na siku ya 14. Mwenye mzunguko wa siku 24, karibu na siku ya 10. Wa siku 35, karibu na siku ya 21. Na hedhi inayofuata haijaja, hivyo hakuna anayejua kwa hakika mpaka ipite. Homa, safari, mfungo mzito, msiba, vyote huweza kulichelewesha yai.

Anayetaka kutumia kalenda kwa dhati aandike urefu wa mizunguko 6 angalau. Siku ya kwanza ya damu ndiyo siku ya 1. Mzunguko mfupi kuliko yote toa 18. Mrefu kuliko yote toa 11. Kama mfupi ni siku 26 na mrefu ni 31, basi 26 − 18 = 8 na 31 − 11 = 20. Siku ya 8 mpaka ya 20, bila kuingiza kabisa au kwa kondomu tu. Hizo ni siku 13, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Shanga za mzunguko ni rahisi zaidi: zinafunga siku ya 8 mpaka ya 19 kwa kila mtu, lakini zinamfaa tu mwenye mizunguko isiyopungua siku 26 wala kuzidi 32. Mwenye mizunguko ya kurukaruka, aliyejifungua karibuni, au binti ambaye hedhi yake haijatulia, hii si yake.

Kuchomoa: inapofaa na inapoharibika

Njia hii ni kongwe. Waislamu huiita azl na wanazuoni wameijadili karne nyingi. Wapo wenza walioitegemea na wakazaa watoto wawili tu maisha yao yote. Faida zake ziko wazi: haina gharama, haina homoni, haihitaji duka, na ipo hata usiku wa manane. Kuidharau kabisa ni kosa, kwa sababu kati ya 85 na 20 kuna tofauti kubwa mno. Asiye na kitu kingine, achomoe.

Ikifanywa vizuri huwa hivi. Mwanamume anakojoa na kufuta ncha ya uume kabla ya kuanza, hasa kama alishamwaga mapema siku hiyo, hata kama ni peke yake. Anatoka *kabla* ya kile kiwango ambacho mwili haurudi nyuma. Ukishahisi mikazo imeanza, umechelewa. Anamwaga mbali na uke: si kwenye mashavu ya uke, si juu ya paja la ndani, bali tumboni kwa mwenzake juu ya kitovu, au kwenye taulo. Mikono inafutwa kabla haijagusa tena chini. Raundi ya pili inaanza upya: kukojoa, kuosha uume kwa maji, na kama kuna kondomu, hapo ndipo mahali pake hasa.

Inaharibika wapi? Kwenye pombe, kwanza. Anayekunywa hupoteza hisia ya wakati. Kwa kijana ambaye bado hajaujua mwili wake, au mwanamume anayemwaga haraka. Mwanamke akiwa juu, kwa sababu anayetakiwa kutoka ndiye aliyelaliwa. Na raundi ya pili baada ya dakika ishirini, mrija ukiwa bado na mbegu za raundi ya kwanza. Hilo la mwisho ndilo tukio ambalo ute unastahili kuogopwa kweli.

Kuna jambo jingine ambalo jedwali haliwezi kulionyesha. Kuchomoa kuko mikononi mwa mmoja, na mimba inakaa tumboni mwa mwingine. Mwanamke hana namna ya kuhakikisha. Kama mwenzako amewahi kukuambia "nimechelewa kidogo" zaidi ya mara moja, soma safu ya 20, si ya 4.

Na kwa maradhi, kuchomoa si kinga. Tangu mwaka 1992 vipimo vimeonyesha kuwa virusi vya Ukimwi huweza kuwemo ndani ya ute wa mwanamume mwenye maambukizi. Kisonono na klamidia huambukizwa kwa mguso wa uume na uke. Havisubiri mtu amwage.

Kondomu, na kosa la katikati ya mchezo

Kwa anayehofia ute hasa, kondomu ndiyo jibu la moja kwa moja: inauzuia ute, shahawa na maradhi kwa mpigo. Lakini inafanya hivyo tu ikivaliwa kabla uume haujagusa uke. Kuna mtindo wa kuanza "kavu", kisha kuvaa kondomu mambo yakikaribia. Huo si utumiaji wa kondomu. Ni kuchomoa kwa njia ndefu. Muda wote wa mwanzo ute umeshaingia.

Kosa jingine halionekani kirahisi. Mtu anaiweka kondomu kichwani mwa uume, inakataa kushuka, anagundua ameigeuza ndani nje, anaigeuza na kuivaa ileile. Upande uliogusa ncha, pamoja na ute wake, sasa uko nje na unaingia ukeni. Itupe, fungua nyingine. Ndiyo maana kondomu moja mfukoni haitoshi.

Mengine kwa haraka: soma tarehe ya mwisho, bonyeza pakiti usikie kama ina hewa, usifungue kwa meno, bana chuchu ya mbele hewa itoke, shusha mpaka kwenye shina. Usipake mafuta ya nazi, ya mgando wala losheni, kwa sababu mafuta huilegeza mpira ndani ya dakika chache. Tumia kilainishi cha maji, au mate kama hakuna kingine. Usivae mbili, husuguana na kupasuka. Baada ya kumwaga, shika shina la kondomu na utoke uume ukiwa bado umesimama. Kondomu iliyokaa miezi kwenye pochi la nyuma au kwenye dashibodi ya gari juani imeshachoka hata kama tarehe haijafika.

Inapopasuka, faida yake ni kwamba unajua. Kuchomoa hakukuambii kama kumefeli.

Tukilinganisha hizi mbili tu: kwa wenza wa muda mrefu, waliopima, ambao mimba ikija itapokelewa kwa mshangao lakini si kwa maafa, kuchomoa kwa nidhamu pamoja na kondomu kwenye siku za hatari ni mpango unaoeleweka. Kwa mwanafunzi, kwa mtu na mpenzi mpya, au kwa mama ambaye daktari amemwambia asishike mimba mwaka huu, kuchomoa peke yake ni kamari.

Imeshatokea: P2 au kusubiri?

Hapa ndipo wengi hufika wakiwa na hofu, na hofu ina tabia ya kupima vyote kwa mzani mmoja. Tutenganishe.

Kukumbatiana kwa nguo, hata zikilowa: hakuna mimba. Ute kwenye kidole kilichokauka au kilichofutwa: hakuna haja ya kidonge. Mbegu hufa zikikauka, na hazipenyi kitambaa kuogelea mpaka ukeni. Ute kwenye choo, taulo, maji ya beseni: sahau.

Uume mtupu kusuguliwa kwenye mlango wa uke bila kuingia: hatari ipo, ni ndogo. Kama si siku za hatari, wengi wanaweza kusubiri. Kama ni siku za hatari na mimba haitakiwi kabisa, P2 ni uamuzi wa busara.

Uume kuingia bila kondomu na kuchomolewa mapema kwa uhakika: hesabu ni ileile ya kuchomoa vizuri. Siku za hatari, au usipojua uko siku gani, meza. Na kama kuna shaka yoyote kwamba alichelewa, au ilikuwa raundi ya pili, usijadiliane na kalenda. Hiyo ihesabu kama shahawa.

P2 ilipata jina lake kwenye chapa ya Postinor-2, yenye vidonge viwili vya levonojestreli ya miligramu 0.75 kila kimoja. Siku hizi vyote viwili humezwa kwa pamoja, au kidonge kimoja cha miligramu 1.5. Inafanya kazi vizuri zaidi kadiri unavyowahi: saa 12 ni bora kuliko 24, 24 bora kuliko 72. Baada ya saa 72 hadi 120 bado inaweza kusaidia lakini nguvu yake imeshuka. Ukitapika ndani ya saa 2, rudia dozi.

Namna inavyofanya kazi inaeleza udhaifu wake. P2 huchelewesha yai lisitoke. Yai likishatoka, haina cha kuzuia. Na mimba iliyokwisha kujishikiza haiitoi. Ndiyo sababu mtu anaweza kumeza kwa wakati na bado akashika. Na kwa kuwa yai limeahirishwa tu, tendo jingine bila kinga siku tatu baadaye linaweza kulikuta ndilo linatoka. Tumia kondomu mpaka hedhi ije.

Wanaotumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, baadhi ya dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, au ARV zenye efavirenzi, P2 ya kawaida huwapungukia nguvu; mwambie mfamasia, kwa sababu dozi huongezwa mara mbili, au hupendekezwa kitanzi. ARV zenye dolutegraviri hazina tatizo hilo. Uzito mkubwa nao hupunguza nguvu ya levonojestreli. Kidonge cha ulipristali cha miligramu 30 hushikilia nguvu vizuri zaidi mpaka saa 120, pale kinapopatikana. Na cha mwisho, ambacho wachache hukijua: kitanzi cha shaba, au koili kama wanavyosema Kenya, kikiwekwa ndani ya siku 5 huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99, kisha kinabaki kama kinga kwa miaka 10 au zaidi. Kikilinganishwa na P2 hakina mpinzani, ila kinataka kituo na mtaalamu.

P2 ya kila wiki haitakuua wala haitakufanya tasa, lakini itaivuruga hedhi mpaka usijue mwezi umeanza wapi, na kinga yake kwa mwaka mzima ni hafifu kuliko vidonge vya majira vya kawaida. Anayejikuta dukani mara ya tatu ndani ya miezi miwili anahitaji sindano ya kila miezi 3, au kijiti cha miaka 3, na katika vituo vya umma Tanzania huduma hiyo hutolewa bure. Kwa wenye vijiti au kitanzi, swali la ute huisha lenyewe. Kwa sindano na vidonge huisha pia, mradi tarehe hazirukwi. Anayepanga kuzaa karibuni ajue kuwa sindano huchelewesha kurudi kwa uzazi miezi kadhaa baada ya kuacha, tofauti na kijiti na kitanzi, ambavyo uwezo hurudi mara vikitolewa.

Kama mwenzako hujui hali yake ya Ukimwi, P2 siyo safari yako pekee. Dawa za kinga baada ya kuwa hatarini huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28.

Vingine vinavyofanywa kesho yake havisaidii kitu. Kujiosha ndani kwa maji ya chumvi, ndimu, soda au sabuni: mbegu za mwanzo hupita mlango wa kizazi ndani ya dakika chache, na maji ya nguvu huacha michubuko na fangasi. Kurukaruka, kukohoa, kusimama wima: hapana. Mwanamke kukojoa baada ya tendo ni vizuri kwa kibofu, lakini mkojo hutoka tundu jingine kabisa na hauoshi uke.

Kupima

Usipime kesho. Kipimo cha mkojo hutafuta homoni ambayo huanza tu mimba ikishajishikiza, siku kadhaa baada ya yai kurutubishwa. Ukipima wiki ya kwanza na kuona mstari mmoja, hujajua lolote. Subiri siku 21 tangu tendo, au hedhi ichelewe wiki moja, kisha tumia mkojo wa asubuhi wa kwanza. Soma majibu ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida 3 hadi 5; mstari hafifu unaotokea baada ya nusu saa ni wa kukauka, si wa mimba. Mstari wa pili hafifu uliotokea ndani ya muda ni ndiyo.

Baada ya P2, hedhi ikija mapema au ikachelewa siku chache ni jambo la kawaida. Ikizidi wiki moja, pima. Damu kidogo ya madoa siku chache baada ya kumeza si hedhi, kwa hiyo usianzishe hesabu mpya ya kalenda hapo. Na maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo yakiambatana na hedhi iliyochelewa au kizunguzungu yanataka hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu mimba inaweza kuwa imejishikiza nje ya mfuko wa uzazi.